Plagi

Ambakisye alinipigia saa mbili asubuhi:
"Fundi Sikudhani, njoo Sinza, hita inaguna."
Haivuji, alisema. Kuvuja kuliisha tangu Aprili,
alikuja kijana mmoja akaweka plagi,
elfu kumi tu, na vigae vikakauka.

Nilipofika sikutua hata begi.
Nilizima kwanza swichi ya ukutani.
Kisha nikasimama, sikio karibu na bati,
nikasikia ndani bisi zinapasuka:
chumvi ya kisima imeganda chini kama ukoko wa wali
na maji yaliyonasa chini yake
yanatafuta pa kupumulia.

Ubavuni, valvu ya usalama,
shaba iliyoota kijani shingoni.
Na mdomoni mwake, pale pa kutemea,
plagi. Tepu nyeupe, raundi nane,
kwa ustadi, sitamnyima kijana sifa yake,
kama sanda.

"Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?"
Ambakisye kaegemea mlango, anacheka.
Bosi, nikamwambia, methali ni ya kweli
ila hukuuliza ufa gani.
Huu ukiuziba ndio utajenga ukuta,
na dari, na chumba namba tano,
na utasafiri hadi kwa watu usiowajua
kuwaeleza kwa nini ndugu yao
aliingia kuoga.

Hakucheka tena.

Tulingoja maji yapoe mpaka adhuhuri.
Wageni walinung'unika, wakapelekewa ndoo.
Nikang'oa plagi. Nikainua kile kiwiko kidogo:
haikutema kitu.
Nikainua tena. Kimya.
Valvu iliyosahau kutema
ni pambo.
Niliifungua yote, nikaitupa ndooni,
ikalia mara moja tu.

Mpya ilitoka Kariakoo. Niliisoma mgongoni
nikahakikisha namba yake haizidi ya tangi,
nikaipa bomba la kushuka, refu, hadi karibu na shimo,
mdomo wazi, bila koki, bila kifuniko.
Nikajaza, nikawasha, nikainua kiwiko:
maji yakaruka. Nikaachia:
yakakoma.

Kisha karatasi ya chooni, kavu.
Nikaivisha kila kiungo, kimoja kimoja,
nikanywa chai ya Ambakisye, baridi, bila sukari,
nikarudi kuzisoma.
Kavu. Kavu.
Ya tatu ina doa, dogo kuliko punje ya mchele.
Nikakaza robo mzunguko. Karatasi nyingine.
Chai nyingine.
Kavu.

Nikaandika kwenye bati kwa kalamu nene
tarehe, na: INUA KILA MIEZI SITA.
"Na ikianza tena kudondosha?"
Uniite mimi, nikasema.
Usiite plagi.

Usiku, Tandika.
Mama yuko ukumbini, televisheni haina sauti,
kidonge cha presha bado kiko kisahanini.
"Vipi, mama?"
"Sijambo."
Sijambo ileile ya tangu tulipomzika Shomari
kabla ya mfungo. Raundi nane.
Jirani alimwambia jikaze. Mama mdogo alimwambia jikaze.
Nami nilimwambia, mkono begani mwake,
nikidhani ni huruma.

Vidole vyangu bado vinanuka shaba.
Nikamuuliza jambo dogo tu:
vile viatu vyake vya kahawia,
uliviweka wapi?

Akanitazama muda mrefu.
Mdomo ukaanza kutetemeka, likaja tone,
yakafuata mengine, ya moto, mpaka kwenye khanga.

Sikumwambia nyamaza.
Nilivuta kiti karibu
nikaacha yamwagike.